Ngazi Juu ya Bikoni

Mwaka 2021 wawindaji wanne kutoka jimbo la Missouri walisimama mbele ya bikoni ya wapima ardhi katika nyika ya Carbon County, Wyoming. Pamoja na mizigo ya kambi walikuwa na ngazi ya chuma iliyotengenezwa kwa kazi moja tu. Waliitega juu ya bikoni ile, miguu ya upande mmoja hapa na ya upande wa pili kule, wakapanda na kushuka mmoja baada ya mwingine. Kwa hatua hizo chache walishtakiwa kwa jinai, wakadaiwa mamilioni ya dola, na shauri lao likafika hadi Mahakama ya Juu ya Marekani.

Anayetafuta mahali pa kuishi na kununua ardhi kwa ajili ya uwindaji aisome ngazi hiyo kabla ya kutazama picha ya nyumba yoyote. Wanunuzi wengi huuliza ekari ni ngapi na bei ni kiasi gani. Swali la kwanza lilipaswa kuwa: nikitoka mlangoni kwangu, mguu wangu una haki ya kufika wapi?

Tuanze na ramani. Maeneo mengi ya Magharibi ya Marekani yalipimwa kwa miraba. Kila mraba una maili moja kila upande, yaani ekari 640, na miraba 36 hufanya kundi moja lenye namba kuanzia 1 hadi 36. Serikali ilipotaka reli ifike Pasifiki, haikuwa na fedha za kutosha lakini ilikuwa na ardhi. Kwa sheria za 1862 na 1864, kampuni ya Union Pacific ilipewa miraba yenye namba witiri kando ya njia ya reli, na ile yenye namba shufwa ikabaki mikononi mwa serikali. Matokeo yake ni ubao wa drafti wenye upana wa maili 20 kila upande wa reli: mraba wa mtu binafsi, mraba wa umma, mraba wa mtu binafsi, mraba wa umma.

Aliyewahi kucheza drafti anajua kwamba miraba ya rangi moja haipakani ubavu kwa ubavu. Hukutana kwenye pembe tu, na ndiyo maana kete hutembea kimshazari. Wawindaji wale walitembea kama kete. Walianzia kwenye mraba wa umma unaofikika kwa barabara, wakatafuta kwa programu ya ramani ya simu mahali pembe nne zinapokutana, wakapathibitisha kwa bikoni yenyewe, kisha wakavuka hadi mraba wa umma ulio kimshazari. Mwenye shamba linalopakana na pembe hiyo alikuwa amesimika vigingi viwili vya chuma karibu nayo, akaviunganisha kwa mnyororo na kutundika mabango ya kukataza kupita. Ngazi ikapita juu ya mnyororo. Hakuna aliyekanyaga udongo wa shamba lile.

Walichokifuata ng'ambo ni elki, mnyama wa jamii ya kulungu ambaye dume lake huweza kufikia kilo 300, kwenye miteremko ya Elk Mountain, mlima wenye futi zaidi ya 11,000. Shamba linaloukumbatia mlima huo lina zaidi ya ekari 20,000 na ni mali ya kampuni ya Iron Bar Holdings. Ndani ya mipaka yake imo miraba ya umma ambayo kwa muda mrefu haikuwa na mlango mwingine ila kwa idhini ya mwenye shamba.

Hoja ya mwenye shamba haikuwa ya kipuuzi. Anayemiliki ardhi humiliki pia anga iliyo juu yake, na mwili wa binadamu hauwezi kupita kwenye nukta isiyo na upana bila bega kuingia katika anga ya jirani. Mwaka 1979, katika kesi ya Leo Sheep iliyotoka Carbon County hiyohiyo, Mahakama ya Juu ilikuwa imeizuia serikali isijenge barabara kwenye miraba ya watu binafsi kwa kudai haki ya njia ambayo haikuandikwa popote. Upande wa pili ulisimama na sheria ya 1885 inayokataza kuizingira ardhi ya umma kwa ua au kuwazuia watu wasiifikie. Mwaka 1897, katika kesi ya Camfield, mahakama hiyohiyo iliamua kwamba hata ua uliojengwa wote ndani ya ardhi ya mtu ni haramu ikiwa kazi yake ni kuifungia ardhi ya umma.

Mwaka 2022 jopo la raia liliwaona wawindaji hawana hatia ya jinai. Mwaka 2023 jaji wa shirikisho aliwapa ushindi katika kesi ya madai, na Machi 2025 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa 10 ikaukubali ushindi huo: anayevuka kwa miguu kutoka mraba wa umma hadi mraba wa umma kwenye pembe, bila kugusa ardhi ya mtu, hawezi kuzuiwa. Oktoba 2025 Mahakama ya Juu ilikataa kuisikiliza rufaa. Uamuzi huo unazibana mahakama za shirikisho katika majimbo sita ya mzunguko huo, Wyoming na Colorado yakiwamo. Montana na Idaho zimo katika mzunguko mwingine, na anayenunua huko asijipe uhakika ambao hakimu hajampa.

Lililonigusa zaidi ni hesabu ya fidia. Mwenye shamba alidai kwamba watu wakiruhusiwa kuvuka pembe, thamani ya shamba lake itashuka kwa zaidi ya dola milioni 7. Hakuna ekari iliyopungua katika hati yake. Kilichopungua ni upweke wake juu ya ardhi ambayo haikuwa yake. Kwa maneno mengine, bei ya shamba la namna hiyo ilikuwa na mali ya umma ndani yake. Anayenunua leo kwa bei ile ya zamani analipia kufuli ambalo mahakama imeshalifungua.

Basi mnunuzi aisomeje ardhi? Kwanza, ahesabu pande zinazogusa ardhi ya umma kabla ya kuhesabu ekari. Kiwanja cha ekari 40 chenye ubavu mmoja kwenye msitu wa taifa kinampa mwindaji nyika pana kuliko shamba la ekari 600 lililozingirwa na majirani pande zote. Pili, atafute haki ya njia iliyoandikwa na kusajiliwa kaunti. Neno la muuzaji kwamba "tumepita hapa miaka yote" hufa siku jirani anapouza. Tatu, aende mwenyewe wakati wa theluji, maana barabara ya Agosti huenda isiwepo Januari.

Nne, na hapa wengi huumia, kununua ardhi si kununua mnyama. Wyoming, kama ilivyo Tanzania, wanyamapori ni mali ya umma hata wakilala uani kwako. Leseni ya mwenye ardhi huko hudai angalau ekari 160, na ardhi hiyo ithibitishwe kulisha au kuhifadhi wanyama kwa jumla ya siku 2,000 za matumizi kwa mwaka. Mwenye ekari 40 anayeishi jimbo jingine hubaki mgeni, akishindania leseni ya elki kwa bahati nasibu, na haruhusiwi kuwinda wanyama wakubwa katika hifadhi za nyika za shirikisho bila kiongozi au mkazi wa kumsindikiza. Mkazi aliyetimiza mwaka mmoja, hata kama amepanga chumba, hununua leseni yake ya kawaida dukani.

Kwa hiyo ningekuwa na akiba ya kununua shamba, nisingeanza na shamba. Ningepanga nyumba Rawlins, mji wa makao makuu ya Carbon County, ulio chini ya saa moja kwa gari kutoka Elk Mountain. Mwaka wa kwanza ningeutumia kutembea na ramani mkononi, kuzijua barabara zinazofungwa na bikoni zinazoonekana, na kuwajua majirani kwa majina. Baada ya hapo, kama bado ningehitaji ekari, ningejua ni zipi zinazofungua njia na zipi zinazouza ua tu.