Sekunde Tatu za Kiganja cha Kushoto

Mpwa wangu yuko kidato cha nne katika shule moja ya Nyamira, na ni mashoto kama mimi. Mwezi wa nne alikuja likizo na karatasi yake ya majaribio ya Insha. Ukurasa wa kwanza ulikuwa umefunikwa na kivuli cha buluu tangu mstari wa juu hadi wa chini. Mwalimu alikuwa amezungushia mistari mitatu kalamu nyekundu na kuandika pembeni: "Haisomeki." Sikutazama alama. Nilimwomba anionyeshe mkono. Asubuhi hiyo alikuwa ameandika kazi ya likizo, na ukingo wa kiganja, kuanzia kidole cha mwisho hadi karibu na kifundo, ulikuwa na buluu ile ile.

"Mjomba, kalamu yenyewe ni nzuri," aliniambia. "Inateleza."

Alisema kweli. Ilikuwa kalamu ya jeli, wino umekolea, mwandiko unang'aa. Ndiyo maana naandika uchambuzi huu. Ushauri anaopewa mashoto kila siku ni kwamba anunue kalamu nzuri, na mara nyingi kalamu anayoiona mwenzake wa mkono wa kulia kuwa nzuri ndiyo inayomharibia kazi. Kwa mashoto, uchaguzi wa kalamu huanzia kwenye mkono wake, na kipimo chake ni muda: tangu wino unapogusa karatasi hadi kiganja kinapopita juu yake.

Tunaandika kutoka kushoto kwenda kulia. Anayetumia mkono wa kulia huivuta kalamu, na mkono wake hukaa juu ya karatasi ambayo bado haijaandikwa. Mashoto huisukuma, na mkono wake huja nyuma ukikanyaga alichokiandika sasa hivi. Nilimketisha binti huyo mezani, nikampa fulskepu, nikawasha saa ya simu, nikamwambia aandike kama yuko kwenye mtihani. Alipokolea, neno la kawaida la Kiswahili, tuseme "walipowasili", lilimchukua kama sekunde tatu. Kidole chake cha mwisho kilikuwa nyuma ya ncha kwa upana wa neno moja. Kwa hiyo kila neno lina sekunde tatu hivi za kukauka kabla halijapitiwa na ngozi yenye jasho.

Kupunguza kasi hawezi. Karatasi ya Insha ya KCSE, yaani 102/1, ina saa moja na dakika 45 na insha mbili, kila moja isiyopungua maneno 400. Toa muda wa kusoma maswali na kupanga hoja, kisha uone kama kuna nafasi ya mtahiniwa kuinua mkono kila mstari na kupuliza wino.

Si mashoto wote, hata hivyo, wanaokanyaga wino kwa namna moja. Wapo wanaoweka mkono chini ya mstari, kifundo kimenyooka. Hao karibu hawagusi kitu. Wapo wanaoweka mkono pembeni, juu ya mstari ule ule, kama mpwa wangu. Hao ndio wanaoumia zaidi. Na wapo wanaoukunja mkono kama ndoano, kalamu ikashuka kutoka juu. Barack Obama, ambaye baba yake alitoka Kogelo kule Siaya, huandika hivyo. Tarehe 23 Machi 2010 alitia saini sheria ya bima ya afya ya Marekani kwa kalamu 22, kila moja ikiandika kipande kidogo cha jina. Wa ndoano kiganja chake kwa kawaida hulala juu ya mistari iliyotangulia, iliyoandikwa nusu dakika nyuma au zaidi, kwa hiyo anaweza kuvumilia wino ambao wa pembeni hauwezi kabisa. Mtu akikuuliza kalamu ipi inamfaa mashoto, mwambie kwanza aandike umtazame.

Ndoano yenyewe mara nyingi hufundishwa bila mwalimu kujua. Mwalimu huwaambia watoto wote walaze daftari upande wa kushoto, jinsi inavyowafaa wa kulia, na mashoto hulazimika kukunja kifundo ili aone anachoandika. Mimi niliipata kwa njia chungu zaidi. Mwalimu wangu wa darasa la pili aliugonga mkono wangu kwa rula kila alipouona na penseli, kwa kuwa kwetu mkono wa kushoto haupokei chakula wala hausalimii mtu mzima, na aliona kuandika nao ni utovu wa adabu. Niliandika nikiuficha nyuma ya daftari, na kifundo kikajikunja humo humo. Viboko shuleni vilipigwa marufuku mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikakaza katazo hilo. Mkono wangu haukunyooka tena.

Sasa wino. Kalamu tunayoiita biro ina jina la mtu, László Bíró, Mhungaria aliyekuwa mwandishi wa habari. Aliona kwamba wino wa kuchapia magazeti hukauka upesi na hauchafui, akataka kuutia kwenye kalamu. Ulikuwa mzito mno kutiririka kwenye nibu, ndipo yeye na nduguye György, aliyejua kemia, wakaweka gololi ndogo kwenye ncha iuzungushe na kuulaza karatasini. Hataza ya Uingereza aliipata mwaka 1938. Kwa hiyo tatizo la kwanza ambalo biro ilikusudiwa kulitatua ni hili hili la wino unaopakaa. Wino wake ni wa mafuta. Hausubiri maji yaondoke. Huingia kwenye nyuzi za karatasi, tena ni kidogo sana, na karibu papo hapo huwa haushiki kidole.

Jeli ni jambo jingine. Kampuni ya Sakura ya Osaka ndiyo iliyoitoa mwaka 1984: chembe za rangi zilizoshikiliwa ndani ya maji mazito. Rangi hukaa juu ya karatasi, ndiyo maana inakolea na kupendeza, lakini maji lazima yanyonywe au yapae kwanza. Kalamu za gololi zenye wino mwepesi wa maji ni zile zile, na hulowesha karatasi zaidi. Kati ya pande hizi mbili kuna wino wa mafuta uliolainishwa, ambao Mitsubishi Pencil ya Japani iliutoa mwaka 2006 kwa jina la Jetstream. Huteleza karibu kama jeli na hukauka karibu kama biro. Mashoto akiupata halisi, asiuache.

Hapa ndipo Kisii na Nyamira zinapoongeza ugumu wao. Mji wa Kisii uko kwenye mwinuko wa kama mita 1,700, na Nyansiongo kwenye mashamba ya chai ni juu zaidi. Mvua inapita milimita 1,500 kwa mwaka, na hakuna mwezi unaoweza kuuita mkavu kweli. Hewa yenye unyevu huchelewesha maji ya jeli kupaa, na daftari lililolala kwenye mkoba usiku wa mvua limekwisha kunywa maji yake kabla ya kuona wino. Jeli inayokauka vizuri Lodwar inaweza kushindwa kabisa Kebirigo mwezi wa nne. Biro nayo ina adhabu yake: baridi huufanya wino wa mafuta kuwa mzito, na saa moja asubuhi kalamu hukwaruza bila kutoa kitu. Watoto wanajua dawa. Huizungusha ncha kwenye soli ya raba, au huisugua kalamu kati ya viganja hadi ipate joto.

Tulikwenda mjini kununua, duka la vitabu lililo upande wa Daraja Mbili. Mwenye duka alitutolea kopo la kalamu na kipande cha boksi la kujaribia, kama ilivyo desturi. Nilimshukuru, nikatoa daftari la binti mwenyewe. Boksi hunywa wino kama udongo mkavu, na kila kalamu hukauka juu yake. Daftari la shule lina karatasi nyembamba iliyolainishwa, na hapo ndipo kalamu inaposema ukweli. Binti aliandika neno, nikahesabu "moja, mbili, tatu" kwa mwendo wa saa, akavuta kidole gumba juu ya neno kutoka kushoto kwenda kulia.

"Mwalimu, leo mnapima kalamu au mnapima dawa?" mwenye duka aliuliza, kisha akasogea kutazama.

Jeli zote tatu zilipakaa. Moja iliacha mkia wa buluu uliofika nusu ya ukurasa. Biro zote za kawaida zilipita jaribio la kidole, na hapo nilidhani kazi imekwisha. Lakini binti alipoandika nusu ukurasa kwa mojawapo, ukingo wa kiganja ulikuwa na madoa tena. Tuliinua ncha kwenye mwanga wa mlango. Kando ya gololi palikuwa na donge la wino, dogo kuliko kichwa cha pini. Gololi ilitoa wino mwingi kuliko karatasi ilivyopokea, ziada ikakusanyika kwenye ukingo wa chuma, na mkono ulipogeuza herufi, kwenye kichwa cha "a" au tumbo la "b", ikadondoka. Donge halizami kwenye karatasi kama mstari. Hukaa juu, mbichi, hadi kiganja kilibebe. Mashoto wengi wanaosema biro inawachafua wanachafuliwa na donge. Mstari wenyewe ni mkavu.

Tiba yake ni ukubwa wa gololi na usafi wa ncha. Gololi ya milimita 1.0, kama ya BIC Cristal ya kawaida, hulaza wino zaidi. Ya milimita 0.8, kama ya BIC ile ya mwili wa rangi ya chungwa, hulaza kidogo na donge huwa dogo. Ukishuka hadi 0.5 unakutana na shida nyingine: mashoto anasukuma, na ncha nyembamba inayosukumwa huchimba karatasi laini, hukusanya nyuzi zake, kisha gololi hukwama na mstari hukatika. Kwa anayesukuma kalamu juu ya daftari letu la kawaida, nachagua kati ya 0.7 na 0.8. Na kwenye kona ya dawati akae na kipande cha karatasi ya chooni, afute ncha kila baada ya mistari michache. Binti alijaribu, na donge likaacha kumsumbua.

Kukatika kwa mstari kuna sababu nyingine ambayo watu huilaumu kalamu bure. Gololi hufanya kazi vizuri kalamu ikisimama. Mashoto wengi huilaza sana ili waone wanachoandika, na ikilala mno, ukingo wa chuma unaoshika gololi hugusa karatasi badala ya gololi yenyewe. Shika kalamu mbali kidogo, kama sentimita tatu kutoka kwenye ncha, utaona maneno bila kuilaza.

Kisha ulaze daftari, na hili lina thamani kuliko kalamu yoyote niliyoitaja. Liweke kushoto kidogo mwa kifua, uligeuze mpaka kona ya juu ya kushoto iwe juu kuliko ya kulia. Mkono hujikuta chini ya mstari wenyewe, kifundo kinanyooka, na sekunde tatu zinageuka kuwa muda wote unaoutaka. Binti alichora kwa penseli mstari mwembamba wa mshazari juu ya meza yetu, akalilinganisha daftari nao kila jioni hadi mkono ukazoea. Darasani aliomba akae ncha ya kushoto ya dawati la watu wawili, kiwiko chake kisigombane na cha jirani. Mwalimu alikubali.

Kuna kazi ambazo chaguo linabadilika. Karani wa duka la vifaa vya ujenzi pale Keroka anayeandika risiti juu ya kaboni anahitaji biro, maana jeli haitaki kukandamizwa na nakala ya chini haitasomeka. Penseli haina wino wa kukauka, lakini risasi yake hupakaa siku zote: watahiniwa mashoto wa KCPE, mtihani uliofanywa mara ya mwisho mwaka 2023, wanakumbuka karatasi ya majibu yenye vumbi jeusi na kiganja kinachong'aa kama sufuria. Penseli ngumu kidogo hupunguza vumbi hilo, ila pale inapotakiwa HB lazima iwe HB, na dawa ni kuweka karatasi safi chini ya kiganja.

Kalamu ya nibu naipenda, na nasikitika kwamba mashoto wengi huikimbia. Nibu ikisukumwa hukwaruza, lakini iliyo nyembamba yenye ncha ya mviringo hupita. Parker walitoa Quink mwaka 1931 kwa ajili ya kukauka upesi, na jina lenyewe ni maneno mawili ya Kiingereza, upesi na wino, yaliyounganishwa. Wajerumani huenda mbali zaidi: Lamy hutengeneza nibu ya mashoto, na Stabilo huuza kalamu ya watoto yenye mshiko wa kushoto na wa kulia. Katika maduka ya Kisii sijawahi kuziona.

Nimewahi kuwaza pia juu ya wazee wa Lamu na Pate walioandika Kiswahili kwa hati za Kiarabu. Mstari wao ulitoka kulia kwenda kushoto, na mashoto miongoni mwao aliuacha wino nyuma yake, mkono ukienda kwenye karatasi safi. Mwenzake wa kulia ndiye aliyepaswa kuangalia kiganja.

Muhula wa tatu ulipofunguliwa binti alibeba kalamu mbili za gololi ya 0.8, zote tumeshaziandikia kurasa mbili tatu nyumbani, kwa sababu gololi ya kalamu mpya huhitaji kuzungushwa kidogo kabla wino haujatoka sawasawa. Ya tatu, ile ya jeli, aliiweka mfukoni. Alisema ataitumia kwenye kadi za siku ya kuzaliwa, ambazo hakuna mtu anayezihesabia dakika.