Michoro Isiyo na Mtu Wala Mnyama

Mtu akionyeshwa picha, neno lake la kwanza huwa hili: "Ni picha ya nini?" Akiona ng'ombe, hutulia. Akiona mistari mitupu na duara, hucheka, akasema hata mtoto aweza kuchora vile. Sisi nasi tulikuwa miongoni mwao wachekao. Miaka michache iliyopita, hapa Bugene, tuliwaagiza wanafunzi wa darasa la sita wachore mlima unaoonekana mbele ya shule. Kijana mmoja akaleta karatasi yenye mapande saba ya rangi, yamelala moja juu ya jingine, mengine yamepinda katikati, basi. Hapana nyumba, hapana mti, hapana mbingu. Tulimpa alama tatu katika kumi, tukaandika kwa wino mwekundu: "Mlima u wapi?"

Baada ya hayo tulipata safari ya Uganda, tukafika Nyero, nasi hatuwezi tena kuisoma hukumu yetu ile bila haya.

Nyero i katika wilaya ya Kumi, kilomita kama 8 kutoka mji wa Kumi, kwa njia iendayo Ngora. Hapo pana mawe makubwa ya mviringo, ya jiwe gumu liitwalo itale, yamepandana kama mizigo iliyotupwa na wapagazi, na chini yake mna mapango sita yenye michoro. Wateso wakaao huko husema waliikuta michoro hiyo walipohamia nchi ile. Wataalamu wengi hudhani ni kazi ya watu wa kale walioishi kwa kuwinda na kuchuma matunda ya porini. Zamani wenyeji walikwenda huko kutoa sadaka na kuomba mvua.

Aliyezoea kusikia habari za Kondoa, ambazo picha zake ziliandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2006, zenye twiga na pofu na watu wembamba, ataona Nyero kuwa ni umaskini. Katika pango la pili mna ukuta mrefu wa jiwe, nao umejaa duara ndani ya duara, kwa rangi nyekundu, makumi yake. Yako na maumbo machache kama mitumbwi, ambayo kwetu hayakupendeza sana: yamechorwa kwa haraka, nayo yasimama pale kama wageni wasioalikwa. Lakini zile duara! Tulikaa mbele yake tangu asubuhi hata jua likawa utosini, ndipo tukaona jambo ambalo mwongozaji wetu hakulisema. Itale huliwa na jua na mvua, ikabanduka magamba kwa magamba kama kitunguu. Pembeni mwa pango magamba hayo yaonekana wazi, duara nje ya duara. Basi mchoraji hakutunga umbo lake hewani. Alilitazama jiwe, akaona jinsi lilivyo kwa ndani, akalitoa nje kwa kidole na rangi. Wako wasemao duara zile ni mvua, wengine jua. Twaliacha neno hilo kwao. Sisi twasema tu kwamba mkono ule uliijua nchi yake.

Katika pango la tatu kazi ni nzuri kupita zote. Jiwe kubwa limeegemea mengine, na chini ya tumbo lake mna duara nyeupe zenye kuzungukwa na mistari iliyopinda, iliyogawanywa vyumba vidogo vidogo. Huioni mpaka ulale chali juu ya ardhi. Tulilala na nguo zetu za safari, watoto wa kijijini wakatucheka, nasi tukamfikiri yule aliyelala hivyo hivyo, rangi ikimdondokea machoni. Mtu hateseki hivyo kwa mchezo.

Wala Ulaya si wageni wa njia hii. Mfaransa Paul Cézanne, aliyekufa mwaka 1906, alikuwa akienda mara kwa mara kwenye machimbo ya mawe ya Bibémus, karibu na mji wa Aix, akachora mapande ya jiwe la rangi ya machungwa hata mtu asijue lililo karibu na lililo mbali. Wengi wakati wake walimcheka. Na tusiende mbali: ng'ombe wa chuma wa Mukama Rumanyika wa Karagwe ni mwili mdogo na pembe ndefu, karibu hakuna zaidi. Mfua chuma alijua la kuacha.

Twaandika haya kwa kuwa kitu kisichoheshimiwa hakidumu. Huko Kolo, Kondoa, wako waliochimba sakafu ya pango wakitafuta mali waliyosikia kwamba Wajerumani waliificha wakati wa vita kuu ya kwanza. Katika mkoa wetu huu, Bwanjai, wilaya ya Missenyi, miamba ina alama nyekundu za kale. Apitaye akiambiwa kwamba ni uchafu wa watoto, atashindwaje kuandika jina lake juu yake, au kulivunja jiwe apate kokoto za kujengea?

Tuliporudi tulipanda mlima wetu kwa miguu. Mawe ya Karagwe si itale. Ni tope na mchanga wa zamani sana, zaidi ya miaka milioni elfu, uliogeuka jiwe, ukalala tabaka juu ya tabaka kama kurasa za kitabu, kisha ukakunjwa. Mahali barabara ilipokata ubavu wa mlima tulisimama, tukahesabu mapande: jekundu, la kijivu, la manjano, tena jekundu, nayo yamepinda katikati.

Tukamtafuta yule kijana, tukamwomba karatasi yake. Akasema mama yake aliiwashia moto. Tukamsihi achore nyingine. Baada ya juma moja akatuletea, ameishika kwa mikono miwili kwa adabu. Ina nyumba, na mti, na ng'ombe mmoja, na jua lenye miali, kama tulivyomfundisha.