Fumbo Lililohama: Taarab ya Miaka ya Tisini na Mizani ya Mhakiki

Utangulizi

Mabadiliko yaliyoikumba taarab katika miaka ya tisini ya karne iliyopita yamezungumziwa na wahakiki wengi kwa lugha ya msiba. Inasemwa kwamba ulikuwapo wakati ambapo taarab ilikuwa ushairi, na kwamba baina ya mwaka 1990 na 2000 ushairi huo ulifariki, nafasi yake ikatwaliwa na mipasho: maneno makavu, ya wazi, yasiyo na staha wala fumbo. Makala haya yananuia kuichunguza upya hukumu hiyo. Tunashikilia kwamba fumbo halikufa katika mwongo huo. Lilihama kutoka maneno ya ubeti likaingia katika tukio la uimbaji, hususan katika mwenendo wa hadhira, na mhakiki aliyezoea kuusoma wimbo kwenye karatasi hakuliona likipita.

Kabla ya kuendelea, yafaa istilahi zifafanuliwe. Kwa taarab asilia tunamaanisha muziki wa ala kama udi, kanuni, fidla, nai na akodiani, uliochezwa mbele ya wasikilizaji waliokaa vitini. Taarab ya kisasa ni ile iliyojengwa juu ya kinanda cha umeme na magitaa, ambayo wapenzi wake waliipa jina la rusha roho. Mipasho ni maudhui yaliyotawala taarab hiyo. Neno lenyewe linatokana na kitenzi kupasha, kama tusemavyo kumpasha mtu habari zake. Majina haya yana maana kwa mhakiki. Asili ya neno taarab ni Kiarabu, nalo hudokeza kuguswa na muziki hadi mtu akasahau nafsi yake. Rusha roho ni kumfanya mwingine ataharuki kwa wivu. Jina la kwanza lamhusu anayesikiliza, ilhali la pili lamhusu anayekusudiwa. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha mabadiliko tunayoyajadili.

Urithi usio wa namna moja

Wanaoulilia ushairi wa zamani huuchukulia kana kwamba ulikuwa wa sura moja. Historia haikubaliani nao. Taarab ya kasri ya Unguja, ambayo mapokeo yanaifungamanisha na Sultani Barghash (1870-1888), iliimbwa kwa Kiarabu. Ikhwani Safaa, kikundi kilichoasisiwa mwaka 1905, kilianzia katika mkondo huo huo. Ni Siti binti Saad na wenzake ambao, kwa santuri walizorekodi Bombay kuanzia mwaka 1928, walikipa Kiswahili nafasi yake ya kudumu katika muziki huu. Laura Fair, katika kitabu chake Pastimes and Politics cha mwaka 2001, ameonyesha kwamba nyimbo nyingi za Siti zilihusu visa vilivyojulikana na wakazi wa Ng'ambo: kesi za mahakamani, dhuluma za wakubwa na mikasa ya mitaani. Wimbo wake maarufu kuhusu mauaji ya mwanamke unamtaja mshukiwa, Kijiti, kwa jina lake. Kwa hiyo uwazi haukuzaliwa katika miaka ya tisini. Ulikuwapo tangu taarab ilipoanza kusema Kiswahili.

Taarab tunayoikumbuka kama kipeo cha fumbo ni ile ya katikati ya karne. Hapo ndipo ubeti wa mishororo mitatu, yenye vipande viwili vya mizani minane, ulipotia mizizi, pamoja na kiitikio kilichokaririwa kila ubeti ulipokwisha. Mpenzi aliitwa ua, tunda, lulu au chombo cha baharini, naye mshindani akawa nyuki, jongoo au upepo wa kusi. Mjini Mombasa utanzu huu ulinufaika na ujirani wake na ushairi ulioandikwa. Ahmad Nassir, ambaye diwani yake Malenga wa Mvita ilitoka mwaka 1971, alimtungia nduguye Juma Bhalo nyimbo nyingi, na Bhalo akaziimba kwa mahadhi yaliyokumbusha filamu za Kihindi. Mtunzi wa aina hii alikuwa bingwa wa lugha, na mwimbaji aliifikisha kazi yake kwa wasikilizaji. Fumbo lilikuwa mali ya mtunzi.

Mwongo wa mageuzi

Ni nini basi kilichotukia katika miaka ya tisini? Tunaona mambo matatu yaliyokutana.

La kwanza ni ala. Gitaa la umeme halikuwa geni: Black Star ya Tanga ilikuwa imekwisha kulizoea tangu miaka ya sitini. Lakini kinanda cha umeme kilileta jambo jipya, kwani mpigaji mmoja aliweza kuzikusanya sauti za fidla, nai na ngoma katika vidole vyake kumi. Kundi la East African Melody, lililopata sifa mwanzoni mwa mwongo huo, lilionyesha kwamba watu wachache wangeweza kujaza ukumbi uliokuwa ukihitaji okestra nzima. Mapigo nayo yakasogea karibu na kidumbak na chakacha, ngoma ambazo kwa muda mrefu zilikuwa za wanawake na za harusini. Hadhira iliyokuwa ikikaa ikasimama.

La pili ni siasa. Tanzania ilirejea katika mfumo wa vyama vingi mwaka 1992. Tanzania One Theatre, kikundi cha Chama Cha Mapinduzi kilichoongozwa na John Komba, kiliitumia taarab kuwavuta watu mikutanoni na kumbini. Upande wa pili wa jukwaa lilisimama kundi la Muungano. Khadija Kopa, aliyetoka Culture Musical Club ya Unguja, alikuwa sauti ya TOT, na Nasma Khamis, maarufu kwa jina la Kidogo, akawa sauti ya Muungano. Majibizano ya waimbaji hawa wawili yaliigeuza taarab kuwa pambano lenye mashabiki wa kila upande. Wimbo mmoja haukujitosheleza tena. Ulisubiri jibu, na jibu lilisubiri jibu.

La tatu ni kaseti na redio. Kaseti ilinakiliwa kwa bei nafuu, ikavuka mpaka kwa urahisi na kuchezwa katika harusi za Mombasa sawa na za Dar es Salaam. Redio na televisheni za watu binafsi, zilizoanza kusikika nchini Tanzania mwaka 1994, ziliondoa ukiritimba wa vyombo vya serikali katika kuamua ni wimbo upi unaostahili kusikika.

Athari za mambo haya juu ya matini ni dhahiri. Wimbo ulirefuka, ukaweza kupita dakika kumi, na sehemu kubwa ya urefu huo ilitwaliwa na kiitikio. Nafsi ya tatu, ile ya ua na tunda, ikapisha nafsi ya pili: wewe, nyinyi, mwenzangu. Msamiati ulitoka bustanini na baharini ukaingia jikoni, chumbani, sokoni na mtaani. Vina havikutupwa, lakini hesabu ya mizani ililegea palipokuwa na haja ya kufuata mapigo. Yeyote anayeyasoma maneno haya yakiwa yameandikwa tu atakiri kwamba mengi ni mepesi. Hapo ndipo wengi wetu tulipoifunga hoja.

Fumbo katika mwili wa hadhira

Hoja haifungiki mapema hivyo, kwa sababu matini hayo hayakukusudiwa kukamilika yakiwa maandishi. Tuitazame desturi ya kutuza. Wimbo unapoendelea, msikilizaji huinuka, husogea jukwaani kwa mwendo wa madaha, hucheza mbele ya mwimbaji na kumpa noti. Katika taarab asilia tuzo hili lilikuwa shukrani kwa sauti au kwa utunzi, ingawa hata huko wapo walioligeuza kuwa ujumbe. Kelly Askew, katika Performing the Nation (2002), kitabu kinachotokana na utafiti wake Tanga, ameeleza kwa kina jinsi wanawake walivyoutumia wakati huo kusema waliyotaka kuyasema kwa wapinzani wao. Anayetuza huchagua mshororo wa kusimamia. Anaweza kuinua kidole, kugeuza uso kuelekea kona fulani ya ukumbi, au kulitembeza tuzo lake mbele ya meza ya mtu kabla ya kulifikisha. Papo hapo maneno yaliyokuwa ya mwimbaji huwa yake.

Maana ya kitendo hiki kwa nadharia ya fumbo ni kubwa. Fumbo lina pande mbili: kinachotajwa na kinachokusudiwa. Katika wimbo wa kale, umbali kati ya pande hizo ulijengwa kwa jazanda. Aliyeimba juu ya tunda hakumtaja mtu, nasi tukafanya kazi ya kufumbua. Katika mipasho, kinachotajwa kimekuwa wazi, yaani kuna mwizi wa mume, jirani mwenye kijicho, rafiki mnafiki. Lakini ni nani huyo? Wimbo haumtaji. Jibu hutolewa na mwili wa anayetuza, nao hutolewa kwa namna inayoweza kukanwa. Akiulizwa, atajibu kwamba aliupenda wimbo tu. Kinga ile ile iliyotolewa na jazanda ya tunda hutolewa sasa na desturi ya kutuza. Aidha, wimbo mmoja waweza kudaiwa na watu wawili wanaohasimiana, kila mmoja akiusimamia mshororo ule ule dhidi ya mwenzake usiku mmoja. Uwezo huo wa kubeba maana mbili kinzani ndio tunaoufundisha madarasani kama alama ya ushairi uliokomaa.

Hapa mipasho inakutana na leso. Mwanamke wa pwani hachagui leso kwa rangi pekee. Huchagua jina lake, na kujua atalivaa lini na mbele ya nani. Maneno ya leso ni mafupi na ya wazi. Fumbo limo katika kuvaliwa kwake. Hakuna mhakiki makini aliyewahi kudai kwamba jina la leso ni fasihi duni kwa kuwa halina mizani kumi na sita.

Mizani ya hukumu

Inatupasa basi kuuliza kwa nini mipasho ilihukumiwa kwa ukali ule. Sababu moja ni kwamba katika miaka ya sabini tuliushughulisha uhakiki wa ushairi na swali la vina na mizani. Upande mmoja walisimama waliofuata kanuni za Amri Abedi za mwaka 1954, na upande mwingine waliofungua mlango mpya, akiwamo Kezilahabi na Kichomi chake cha mwaka 1974. Pande zote mbili zilizungumzia ushairi wa kitabuni. Zilipokwisha kuchoka, hazikuwa na zana ya kuupimia ushairi ambao nusu yake iko katika mguu wa msikilizaji.

Sababu ya pili ni ya kijinsia, na haifurahishi kuitaja. Muyaka bin Haji wa Mombasa, katika nusu ya kwanza ya karne ya kumi na tisa, aliwarushia wapinzani wa mji wake mashairi ya kejeli na vitisho, nasi twayasoma kama kilele cha lugha. Majibizano ya malenga magazetini yamejaa kebehi, nayo huitwa ubingwa. Wanawake wawili walipojibizana jukwaani kwa kinanda, tuliita matusi. Ikiwa kigezo ni ukali wa maneno, basi kitumike kwa wote.

Hatusemi kwamba kila mpasho ni ushairi. Zipo nyimbo za mwongo huo ambazo hazikuwa na lolote ila kutukana, na zimesahaulika kwa haki. Tunapendekeza kigezo hiki: je, mshororo unaweza kudaiwa na zaidi ya mtu mmoja, katika ugomvi zaidi ya mmoja? Ukiweza, una fumbo, hata kama maneno yake ni ya sokoni. Ukimfaa mtu mmoja tu, siku moja tu, huo ni ugomvi uliotiwa mapigo.

Hatusemi pia kwamba hakuna kilichopotea. Bashrafu, utangulizi wa ala uliomwandaa msikilizaji kabla ya ubeti wa kwanza, ulipungukiwa na nafasi. Kanuni ilibaki na wapigaji wachache. Zaidi ya hayo, jazanda ya kale ilimruhusu mtu aliye peke yake na redio yake kulifumbua fumbo kwa muda wake mwenyewe. Fumbo la kutuza lahitaji ukumbi, lahitaji kujua nani kakosana na nani, nalo huzimika taa zinapozimwa. Kaseti huhifadhi sauti ya mwimbaji na kuliacha tuzo lisionekane. Mwongo huu uliturithisha maelfu ya maneno na ukazika nusu ya maana yake.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba mabadiliko ya taarab katika miaka ya tisini yalikuwa uhamisho wa fumbo kutoka kwa mtunzi hadi kwa hadhira, na kwamba kilio cha wahakiki kilitokana na kulitafuta mahali lilipokuwa zamani. Hili lina matokeo ya moja kwa moja kwa idara zetu. Mwanafunzi wa uzamili anayekusanya nyimbo za taarab kwa kunakili maneno kutoka kanda ameleta ushahidi pungufu, hata awe na beti mia mbili. Anapaswa kuandika pia nani aliinuka (bila ya kumtaja jina), katika mshororo upi, akageukia wapi, na ukumbi ukafanya nini.

Kazi hiyo ina haraka. Shakila wa Tanga alifariki mwaka 2016, miaka miwili baada ya Juma Bhalo, na Bi Kidude aliwatangulia wote mwaka 2013. Sauti zao zimerekodiwa. Lakini wanawake waliokuwa wakiinuka na noti mikononi mwaka 1995, ambao ndio waliokuwa wakiukamilisha ubeti, sasa ni nyanya. Bado wanakumbuka ni mshororo gani waliusimamia na kwa nini. Wao hawajaulizwa.