Ati Anaita

Sentensi niliyoipenda zaidi kati ya zote nilizoandika mwaka huu ina maneno mawili: Ati anaita. Isome ukianzia mwisho, herufi moja moja, a-t-i-a-n-a-i-t-a, utaipata ileile. Nilikuwa kwenye matatu, jam ya Thika Road haisongi, nikipanga herufi nyuma ya risiti. Nilicheka peke yangu mpaka mama aliyeketi kando yangu akausogeza mkoba wake.

Mchezo wenyewe huitwa palindromu: neno au sentensi inayosomeka vilevile kutoka mbele na kutoka nyuma. Kiswahili kina maneno kadhaa ya hivyo, na mengine mazito: utu, ini, ububu, utatu, akika, anena, anuna. Shida huanza ukitaka sentensi. Maneno yetu karibu yote huishia na irabu, kwa hivyo sentensi ya palindromu lazima ianze na irabu pia. Hapo umeshawafungia mlango ki-, wa-, tu- na wenzao. Na mb, sh au nd ukizigeuza hazitamkiki. Imba inakuwa abmi, na abmi ni nani?

Kilichoniokoa ni kile kipande ana, ambacho chenyewe ni palindromu. Ukikiweka katikati, kazi inayobaki ni kutafuta neno moja ambalo likigeuzwa linazaa jingine. Ali ukimgeuza unapata ila. Basi: Ali ana ila. Hamisha pengo tu kati ya maneno, na herufi hizohizo zinasema Alia na ila. Amu, yaani ndugu ya baba kwa watu wa Pwani, akigeuzwa anakuwa uma: Amu ana uma. Au, ukitaka kumharibia jina mzee wa watu, Amu anauma.

Nilipojaza ukurasa ndipo nikaona kwamba sentensi zangu zote zinamsema mtu mwingine. Ali, Amu, huyo anayeita. Palindromu ya herufi haiwezi kufunguliwa na ni-, kwa sababu ingebidi ifungwe na n, na sisi hatufungi hivyo. Naweza kusengenya ukoo mzima lakini siwezi kuanza na mimi.

Gwiji wa mchezo huu ni Georges Perec, Mfaransa wa kundi la Oulipo, waandishi na wanahisabati waliojiwekea masharti magumu ili waone fasihi itazaa nini. Mwaka 1969 aliandika palindromu yenye herufi zaidi ya 5,000. Nimejaribu kuisoma. Kifaransa changu ni cha mihula miwili tu kabla sijaacha chuo, kwa hivyo nilikaa nayo na kamusi siku tatu, na bado nitasema: haisomeki. Neno linakuja kwa sababu herufi ya upande wa pili inalidai, wala si kwa sababu mtu fulani alikuwa na la kusema. Unamstaajabia Perec kama ambavyo ungemstaajabia mtu aliyepanda Mlima Kenya kinyumenyume. Unapiga makofi, lakini humuulizi aliona nini huko juu.

Mwaka uleule alitoa La Disparition, riwaya nzima isiyo na herufi e. Hiyo ni habari nyingine kabisa. Baba yake alikufa vitani mwaka 1940, mama yake akapelekwa Auschwitz mwaka 1943 asirudi, na wasomaji wengi wameliona pengo la herufi kuwa pengo la wazazi. Pale sharti limepata kazi ya kufanya. Kwenye ile palindromu ndefu, sharti ndilo bosi na Perec ni kibarua.

Lakini pengine kosa lilikuwa langu, la kuhesabu herufi. Herufi ni mambo ya karatasi. Sikio letu linashika silabi, na ukihesabu kwa silabi mambo yanafunguka. Lima inakuwa mali. Kazi inakuwa zika. Raha inakuwa hara, mtanisamehe. Kata taka ni palindromu, na Zika kazi pia, ambayo nimeibandika juu ya meza yangu. Halafu tazama hawa: mimi, wewe, yeye, sisi, nyinyi. Wote wanasomeka pande zote mbili. Ni wao tu waliobaki nje.

Watoto wa Pwani wamelijua hili kitambo. Wanacho kinyume: silabi ya mwisho inahamia mbele, nyumba inakuwa mbanyu. Ufaransa kwao Perec kuna verlan, jina lililopatikana kwa kuzigeuza silabi za l'envers, na Nairobi sisi tulichukua stori tukaifanya risto. Verlan ina kamusi zake. Kinyume nilikutana nacho chuoni mara moja, kwenye slaidi moja, chini ya "michezo ya watoto", na slaidi ikapita.

Mimi na dada yangu tulifundishwa kinyume na binamu zetu wa Mombasa. Nyumbani tulikitumia kwa habari za pesa na za wavulana, tukiamini mama haambulii kitu. Siku niliyorudi na begi langu lote, mama alikuwa anachambua sukuma. Wiki tatu nzima sikuwa nimeweza kulisema lile jambo kwa Kiswahili kilichonyooka, hata kwa simu. Nikamwambia dada: Chanimea ochu. Nimeacha chuo.

Dada hakujibu. Mama ndiye aliyejibu, bila kuinua kichwa: "Anaju."

Najua. Mpaka leo sielewi tulifikirije kwamba mtu aliyezaliwa Mombasa hatajua mchezo wa Mombasa. Alikuwa amesikia kila kitu, miaka yote ile, na habari za wavulana pia.

Kwa hivyo nikisoma palindromu siku hizi siulizi ina herufi ngapi. Nauliza kama kuna mtu angeisema akiwa na haja ya kuisema. Ati anaita inapita. Amu ana uma inapita kwa shida, labda mezani. Herufi 5,000 za Perec, kwangu, zimeanguka.

Mwezi uliopita nilipata nyingine. Mtoto wa dada humwita mama Nana, na mama alikuwa hajashika simu tangu asubuhi. Nilimtumia dada ujumbe: Ana nini Nana? Nilikuwa nimeshaubonyeza ndipo nikaona. Nikauandika kwenye karatasi, nikausoma kutoka mwisho, ukatoka uleule. Nikasubiri dada ashangae.

"Mafua tu," akajibu. "Mpigie tena, yuko macho."