Ed Reed na Ustadi wa Beki wa Mwisho

Anayeutazama mchezo wa futiboli ya Kimarekani kwa mara ya kwanza huona miili mikubwa ikigongana, na ni rahisi kwake kuhitimisha kwamba kazi ya mlinzi katika mchezo huo ni nguvu tupu, yaani kumwangusha mwenye mpira kabla hajafika mbali. Hitimisho hilo lina ukweli wake kwa walinzi wa mstari wa mbele, ambao hulipwa kwa uzito na misuli yao, lakini halimfai beki wa mwisho, ambaye husimama peke yake nyuma ya wenzake na ambaye silaha yake kuu ni uwezo wa kuisoma nia ya mpinzani huku akiificha ya kwake. Miongoni mwa waliowahi kuishika nafasi hiyo katika Ligi ya Taifa ya Marekani, yaani NFL, ni wachache sana walioifanya kuwa sanaa kama alivyofanya Ed Reed, aliyecheza ligi hiyo tangu mwaka 2002 hadi 2013, na karibu muda wote huo akiwa na Baltimore Ravens.

Ili kuuelewa ustadi wake, ni lazima kwanza kuelewa mazingira ya kazi yenyewe. Kila timu huingiza uwanjani wachezaji 11, na uwanja una urefu wa yadi 100, bila kuhesabu eneo la yadi 10 lililo katika kila mwisho, ambamo mshambuliaji akifika na mpira timu yake hupata tachidauni, yaani bao lenye thamani ya pointi sita. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea yadi 10. Ikifaulu hupewa mengine manne, na ikishindwa hulazimika kuuachia mpira. Mashambulizi huongozwa na kwotabeki, mchezaji anayeupokea mpira mwanzoni mwa kila jaribio na kuamua ama kumkabidhi mkimbiaji ama kuutupa hewani kwa mmoja wa wapokeaji wanaochanja mbuga kuelekea mbele. Beki wa mwisho, ambaye katika lugha ya mchezo huo huitwa sefti, husimama mbali nyuma akilinda eneo pana ambalo pasi ndefu huelekezwa, na kwa kuwa hakuna mwenzake aliye nyuma yake, kosa lake moja hutosha kuwazawadia wapinzani tachidauni.

Reed alizaliwa mwaka 1978 katika jimbo la Louisiana na kukulia St. Rose, mji mdogo ulio kandokando ya mto Mississippi, si mbali na New Orleans. Alisoma shule ya sekondari ya Destrehan, kisha akajiunga na Chuo Kikuu cha Miami, ambako mbali na futiboli alirusha mkuki katika timu ya riadha. Chuoni hapo alinasa pasi 21 za wapinzani, idadi ambayo ilikuwa rekodi ya chuo, na katika msimu wa 2001 timu yake ilitwaa ubingwa wa taifa bila kupoteza mchezo hata mmoja. Tukio moja la msimu huo linaonyesha tabia yake yote ya uchezaji. Katika mechi dhidi ya Boston College, wapinzani walipokuwa wamekaribia kupata bao la ushindi katika dakika ya mwisho, pasi yao iligonga mguu wa mlinzi mmoja wa Miami na kudakwa na mwenzake wa mstari wa mbele, mtu mzito asiye na mbio, ambaye alianza kujikongoja na mpira. Reed akamfuata, akaupokonya mpira kutoka mikononi mwa mwenzake huyo huyo, akakimbia nao yadi 80 hadi kufunga. Wengine waliona kwamba hatari imekwisha, ilhali yeye aliona kwamba nafasi bado haijatumika yote.

Mwaka 2002 Ravens walimchagua akiwa wa 24 katika mgawo wa wachezaji wanaotoka vyuoni, maana yake ni kwamba majina 23 yalitajwa kabla ya lake. Kilichomtofautisha na wengi hakikuonekana katika vipimo vya mbio na uzito, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi yake ilifanyika kabla ya mechi, katika chumba chenye giza ambamo alirudiarudia video za wapinzani na kuweka akilini mazoea yao. Kwotabeki akirudi nyuma hatua tatu, kwa kawaida pasi yake huwa fupi na ya haraka, na akirudi hatua tano au saba huwa anawapa wapokeaji muda wa kufika mbali. Mpokeaji aliyejipanga karibu sana na mstari wa pembeni hana nafasi ya kutosha ya kukata kwenda nje, hivyo kuna uwezekano mkubwa kwamba atakata kuingia ndani. Dalili za namna hii ni nyingi, na kila moja peke yake haina uzito, lakini anayezijua zote hufika mahali ambapo jaribio linapoanza majibu yanayowezekana yamebaki mawili au matatu tu, kama mchezaji wa bao anayeona kete zitakapoishia kabla mpinzani hajaanza kuzitembeza.

Kusoma, hata hivyo, ni nusu tu ya ustadi huo. Makwotabeki wa kiwango cha juu nao wanajua kwamba wanasomwa, ndiyo maana hujifunza kusema uongo kwa macho: humkazia macho mpokeaji wa kulia kwa makusudi ili beki wa mwisho avutike upande huo, kisha hugeuka ghafla na kutupa kushoto. Beki wa kawaida hujitahidi asidanganyike. Reed alikwenda hatua moja mbele, akajifanya amedanganyika. Alipiga hatua chache kuelekea upande aliokuwa akivutwa, akageuza nyonga kama mtu aliyekwisha kuamua, akauacha upande wa pili ukionekana mtupu. Na mkono wa kwotabeki ulipoanza kusogea mbele, wakati ambapo uamuzi haurudishwi tena, yeye alikuwa ameshageuka na kukimbilia pale pale mpira ulipokuwa ukielekea. Mtego wa aina hiyo hudai subira isiyo ya kawaida, kwa sababu anayeondoka mapema humwonya mpinzani na anayechelewa hupitwa, na hapa ndipo wahenga waliponena kweli kwamba mwenye pupa hadiriki kula tamu.

Alipokwisha kuunasa mpira hakuridhika kuanguka nao chini, bali papo hapo aligeuka kuwa mshambuliaji. Mwaka 2004, Cleveland Browns wakiwa hatua chache kutoka kwenye mstari wa bao, alinasa pasi yao ndani ya eneo la mwisho na kukimbia nayo yadi 106, rekodi ya ligi wakati huo, ambayo aliivunja mwenyewe mwaka 2008 kwa kukimbia yadi 107 dhidi ya Philadelphia Eagles. Msimu wa 2004 ulimpa pia tuzo ya mlinzi bora wa mwaka wa ligi, na kufikia mwisho wa safari yake alikuwa amenasa pasi 64 katika msimu wa kawaida na kukimbia nazo yadi 1,590, jumla ambayo iliweka rekodi mpya ya NFL.

Sifa hizi hazimaanishi kwamba njia yake ilikuwa salama. Anayebahatisha hupoteza pia, na zipo pasi alizozikimbilia akazikosa, zikageuka mabao. Zipo pia nyakati ambapo, baada ya kunasa mpira, aliurusha kwa mwenzake katikati ya msongamano wa watu, jambo linaloweza kumnyima kocha yeyote usingizi. Uhuru wa kuthubutu hivyo haukuwa wake peke yake, kwani ulitegemea wenzake wa mbele wamharakishe kwotabeki na mabeki wa pembeni wawabane wapokeaji bila msaada wake, na ulitegemea makocha waliokubali kwamba hasara ya siku moja ni ada ya faida ya msimu mzima. Sanaa ya mtu mmoja, katika mchezo wa watu 11, husimama juu ya imani ya wengine 10.

Kipimo kikali zaidi cha sanaa hiyo kilikuja mwili ulipoanza kumgomea. Tatizo la mshipa wa fahamu shingoni lilimsumbua kwa miaka, na mwaka 2010 alifanyiwa upasuaji wa nyonga uliomweka nje mwanzoni mwa msimu. Aliporudi alicheza mechi 10 tu, lakini alinasa pasi nane na kuongoza ligi nzima, akiwashinda waliocheza msimu wote kwa miili isiyo na kovu. Februari 2013, katika Super Bowl, yaani fainali ya ligi, iliyochezwa New Orleans karibu na alikokulia, alinasa pasi ya San Francisco 49ers na Ravens wakashinda 34 kwa 31. Msimu uliofuata ulidhihirisha kwamba maarifa nayo yana mpaka wake: alihamia Houston Texans, wakamwacha katikati ya msimu, akaumalizia na New York Jets, na hakucheza tena. Mwaka 2019 aliingizwa katika Jumba la Watukufu la mchezo huo huko Canton, Ohio, katika mwaka wake wa kwanza wa kustahili.

Hesabu za pasi na yadi zitaendelea kutajwa, lakini sehemu bora ya kazi ya beki wa mwisho haiingii katika hesabu hizo. Kadiri Reed alivyozidi kuogopwa ndivyo makwotabeki walivyozidi kuliepa eneo lake, wakachagua pasi fupi badala ya ndefu au wakaushika mpira muda mrefu kupita kiasi hadi wakaangushwa, na mlinzi mwingine akaandikiwa sifa. Mshambuliaji hupimwa kwa alichokifanya. Mlinzi wa namna hii anastahili kupimwa pia kwa yale ambayo wapinzani, baada ya kumtazama alipo, waliamua kutoyajaribu.