Vumbi Lina Kwao

Kusafisha sensa ya kamera nyumbani husifiwa, inaposifiwa, kama kazi ya mkono usiotetemeka. Mkono unahitajika, sikatai. Lakini kinachoufanya ufundi huu ustahili sifa ni utambuzi: kujua uchafu umetoka wapi kabla ya kuugusa. Na kwa mpiga picha wa katikati ya Dar es Salaam, anayeanza asubuhi Mtaa wa Kongo na kumalizia usiku kwenye sendofu, hakuna fundi anayeweza kulijua hilo kumshinda yeye mwenye kamera.

Maana vumbi si la aina moja. Kwenye maduka ya vitenge na khanga, majora hukunjuliwa na kukatwa kutwa nzima, na nyuzinyuzi za pamba hupeperuka humo ndani. Barabarani, mikokoteni na bodaboda hutimua mchanga mkavu kabla masika hayajaanza. Hewa ya bahari nayo ina unyevu na chumvi, na vumbi lililotua jana leo limeshaganda. Kisha kuna uchafu ambao haukutoka nje kabisa: mafuta na chembe za shata ya kamera yenyewe. Nikon D600, iliyotoka mwaka 2012, ilipata sifa mbaya kwa madoa ya namna hiyo, hadi mwaka 2014 kampuni ikakubali kuikagua na kuibadilishia shata bila malipo. Mwenye kamera ile angeweza kujilaumu kwa kubadilisha lenzi sokoni, kumbe doa lilizaliwa ndani.

Udogo wa vitu hivi unashangaza. Sensa ya fremu kamili ina upana wa milimita 36 na kimo cha milimita 24. Ikiwa na pikseli milioni 24, kila pikseli ina upana wa milimita 0.006 tu. Uzi mmoja wa pamba unafunika pikseli mbili tatu kwa mpigo. Hata hivyo uzi huo hauigusi sensa. Unakaa juu ya kioo cha chujio kilicho mbele yake, na kinachoingia kwenye picha ni kivuli. Lenzi ikifunguliwa hadi f/2.8, mwanga huja kwa pembe nyingi na kivuli kikatawanyika. Ikibanwa hadi f/16, mwanga hunyooka na kivuli hukolea. Ndiyo sababu mtu hupiga harusi mwezi mzima asione kitu, kisha akaenda kupiga paa la Soko Kuu la Kariakoo, ile miavuli ya zege ya msanifu Beda Amuli iliyofunguliwa mwaka 1975, akakuta anga lote juu yake lina madoa. Uchunguzi hufanywa hivyo hivyo kwa makusudi: ISO 100, f/22, lenzi isiyolengwa sawasawa, mbele ya ukuta mweupe au anga la mawingu, kisha kontrasti ikazwe kwenye kompyuta. Mstari uliojikunja ni uzi. Madoa yanayorudi upesi ilhali lenzi haijang'olewa yanaelekeza kwenye shata. Na picha hutua kwenye sensa kichwa chini: doa la juu kushoto kwenye picha, ukiikabili kamera kwa mbele, utalikuta chini kushoto.

Ndipo mikono inapoingia. Pangaboi lizimwe, madirisha yafungwe, sakafu ipigwe deki, betri iwe imejaa, kwa kuwa kwenye kamera yenye kioo cha kuakisi umeme ukikatika katikati ya kazi, shata hushuka juu ya kijiti cha kusafishia. Kamera inainamishwa uso chini na kupulizwa kwa pampu ya mpira, mdomo wa pampu usiingie ndani. Ni kama mchele, hupepetwa ndipo ukaoshwa: swabu yenye majimaji ikikuta punje ya mchanga, inaiburuta juu ya kioo. Baada ya kupuliza, picha ya uchunguzi inapigwa tena, na mara nyingi kazi inaishia hapo. Kisichotoka ndicho kilichoganda, nacho kina haki ya swabu yenye upana wa sensa na matone mawili ya dawa yenye methanoli: upande mmoja kwenda, upande wa pili kurudi, kisha inatupwa.

Watasema kamera za siku hizi hujikung'uta zenyewe. Hujikung'uta kweli, tangu Olympus E-1 ya mwaka 2003, lakini mtikiso huangusha kilicho kikavu, si kilichogandishwa na chumvi. Watasema programu hufuta madoa. Hufuta vizuri angani. Juu ya ua la kitenge inabahatisha, na kwenye video doa hubaki limesimama huku bibi harusi akipita nyuma yake. Hoja nzito ni ya hatari: kwa nini usimpelekee fundi? Mafundi simu wa Mtaa wa Aggrey wana mikono ya ajabu, ila thina na mswaki vinavyofufua bodi ya simu vitaharibu utando wa kioo hiki, sawa na pamba ya masikioni au hewa ya kopo inavyoweza kukiharibu. Fundi wa kamera ni jambo jingine. Kwake ipelekwe kamera yenye kuvu, mkwaruzo au shata inayotema mafuta kila wiki, na kujua kwamba imefika hapo ni sehemu ya utambuzi ule ule.

Kuacha pia ni ujuzi. Doa la pembeni likibaki baada ya swabu ya pili, na halionekani mpaka f/22, ya tatu itakikuna kioo bure. Nani anapiga sendofu kwa f/22?