Fundi wa Taa za Gari Kongwe

Katika gari la Mercedes-Benz W123, lililozinduliwa Ujerumani mwaka 1976, dereva aliyepakia mizigo mizito nyuma huzungusha swichi ndogo karibu na usukani, na taa zake, ambazo zingeinuka na kuwapofusha wanaomkabili, hurekebishwa si kwa umeme bali kwa ombwe; nalo ombwe hilo, katika gari lenye injini ya dizeli, isiyolitoa yenyewe la kutosha, huvutwa na pampu.

Miaka ikipita, mpira unaounganisha mirija ya ombwe hukakamaa, ukafanya ufa usioonekana, taa zikaacha kutii. Hapo ndipo nimheshimupo fundi ambaye, badala ya kuzikaza taa kwa skrubu na kudai ujira wake, hushika pampu ya mkono yenye geji, akapima kila taa peke yake, akitazama kama mshale unatulia au unarudi. Kiwambo kinachoisogeza taa kikidhihirika kuwa kizima, huufuata mrija mmoja baada ya mwingine, akiziba tawi hili na kufungua lile, hadi aifikie swichi yenyewe. Na aghalabu, baada ya subira ndefu, dosari huwa ni kiungo cha mpira kisichozidi urefu wa kidole.

Akishakibadilisha, huliweka gari mbele ya ukuta, akaisawazisha miali ya taa zake. Kazi hiyo haina shahidi, kwani ajali isiyotokea haisimuliwi. Lakini kila msafiri wa usiku aliyepishana na gari kongwe bila kufumba macho ana deni kwa mikono hiyo.